Ngawira ya Wilyankuru

Sisi tulioko Nyabibuye, katika nyanda za juu za Buha, hatuwezi kulisahau jina la Mtemi Mirambo wa Unyamwezi. Ndugu zetu wa Visiwani nao wanalijua, kwani Sultani Barghash alipeleka askari kutoka Unguja kupigana naye, wasimshinde.

Mirambo alizaliwa yapata mwaka 1840 katika ukoo wa watemi wa Uyowa. Alirithi nchi ndogo. Kwa mbinu za kivita za Watuta, na kwa vijana wake walioitwa rugaruga, aliunganisha nchi nyingi chini ya mkono wake, akaikalia njia itokayo Tabora kwenda Ujiji. Aliyetaka kupita alipaswa kulipa ushuru. Wafanyabiashara Waarabu wa Tabora walikataa, na mwaka 1871 vita vikazuka.

Mwezi wa Agosti Waarabu walikusanya watu zaidi ya 2,000, wengi wao wakiwa na bunduki. Waliliteka boma la Zimbizo. Kikosi cha watu wapatao 500, kikiongozwa na Soud bin Said, kikasonga mbele hadi Wilyankuru, nayo ikatekwa. Kwa hesabu ya siku ile, vita vilikuwa vimekwisha.

Lakini Mirambo hakuwa amekwisha. Alitoka na watu wake, akajificha katika majani marefu kando ya njia, akangoja. Washindi waliporudi wameelemewa na pembe, nguo na mateka, aliwaangukia. Soud na Waarabu wenziwe wakauawa. Habari hizo zilipofika Zimbizo, jeshi zima likatawanyika. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliishambulia Tabora yenyewe. Sehemu ya mji ikateketea, na Khamis bin Abdullah, aliyetoka kumkabili, akauawa.

Hapo ndipo vita vilipogeuka. Waliokwenda kushambulia sasa walikuwa wakijilinda majumbani mwao. Misafara ikaiacha njia ya kawaida: Stanley, akimtafuta Livingstone, alizunguka kusini, na mwezi wa Novemba akapita Buha, ambako watwale walimtoza hongo ya nguo hata akaamua kutoroka usiku. Vita viliendelea kwa miaka kadhaa, lakini Tabora haikupata tena nafasi kama ile ya Wilyankuru, na mwishowe ikakubali suluhu.

Tuliosoma chuoni tunakumbuka habari za Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra: wapiga mishale waliacha kilima walichoamriwa kukilinda, wakakimbilia ngawira, na ushindi ukawaponyoka. Wilyankuru ni Uhud ya bara. Bunduki hazikupungua, kilichopungua ni nidhamu.

Hatusemi kwamba Mirambo alikuwa mtu asiye na lawama. Vijiji vingi viliungua kwa amri yake. Tena himaya yake ilisimama juu ya mtu mmoja. Alipofariki tarehe 2 Desemba 1884, haikuchukua miaka mingi ikasambaratika.

Hata hivyo funzo lake linatuhusu sisi tuliokabidhiwa dhamana ya wananchi. Saa ya hatari kwa kiongozi si ile anapopambana na adui, bali ile anaposhangiliwa na mzigo wa mali uko begani. Aanzaye kugawana kabla ya kufika nyumbani, huenda asifike.