Maria Montessori, Daktari Aliyeona Njaa ya Mikono



Jina Montessori wengi tunalijua kwenye vibao vya shule za chekechea. Mimi nilidhani ni shule za watoto wa wenye hela tu, basi. Nililitafuta vizuri nilipokuwa kwenye utume hapa Kongwa, baada ya kushindwa kufundisha. Nilipewa kipindi cha dini katika kitengo cha elimu maalumu cha shule moja ya msingi. Nikaingia na shahada yangu ya falsafa, nikaongea nusu saa juu ya uumbaji. Watoto wakaniangalia tu, mmoja akalala kabisa. Mwalimu wao akaniambia kwa upole: Frateri, kasome habari za Maria Montessori. Nimezisoma, na leo nawashirikisha.

Maria alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, Italia. Alitaka kuwa daktari, na baba yake hakupenda, maana wakati ule udaktari ulihesabiwa kazi ya wanaume. Chuoni ilionekana aibu mwanamke kupasua maiti pamoja na wanaume, kwa hiyo alijifunza peke yake wenzake wakishaondoka. Mwaka 1896 akahitimu Chuo Kikuu cha Roma, akiwa kati ya wanawake wa kwanza Italia kuwa madaktari.

Kazi ikampeleka kwenye hospitali za wagonjwa wa akili. Huko watoto wenye ulemavu wa akili walifungiwa pamoja na watu wazima. Inasimuliwa kwamba mlezi mmoja alilalamika kuwa watoto wakimaliza kula wanatambaa sakafuni kuokota makombo. Yeye aliona ulafi. Maria akakitazama chumba: kitupu, hakuna hata kijiti cha kushika. Akaelewa kuwa makombo yale ndiyo kitu pekee walichokuwa nacho cha kugusa. Njaa yao haikuwa ya tumbo, ilikuwa ya mikono na akili.

Akasoma kazi za madaktari wawili Wafaransa, Itard na Séguin, waliowafundisha watoto kama hao kwa kupitia milango ya fahamu. Mwaka 1900 akawa mmoja wa viongozi wa shule mpya ya Roma iliyoandaa walimu wa watoto wenye ulemavu wa akili. Mchana alikuwa na watoto, usiku anaandika aliyoyaona. Katika kazi yake vilizaliwa vifaa vinavyotumika mpaka leo: herufi za msasa za kupitishia kidole, vibao vya uzito tofauti, vichupa vya harufu, visanduku vya sauti. Mtoto anapima, analinganisha, anakosea, anarekebisha mwenyewe. Hiyo ni sayansi kabisa, ingawa hajui kuliandika jina lake. Baadhi ya watoto wale, waliosemwa hawafundishiki, walifanya mtihani wa shule za kawaida wakafaulu.

Tarehe 6 Januari 1907, Sherehe ya Epifania, alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Njia iliyoanza na watoto waliotupwa ikawa sasa ya watoto wote, na ikaenea duniani.

Lakini maisha yake yalikuwa na jeraha. Mwaka 1898 alimzaa mtoto wa kiume, Mario, nje ya ndoa. Kwa kuogopa aibu na kupoteza kazi, mtoto alipelekwa kulelewa na familia nyingine shambani. Mama aliyewatoa watoto wa wengine mafichoni alikuwa na wa kwake mafichoni. Sisemi hivi kumhukumu. Mario alipokuwa kijana walirudiana, akawa msaidizi wake hadi mwisho. Maria alifariki Uholanzi tarehe 6 Mei 1952. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, ila alikuwa Mkatoliki, na huko Barcelona watoto waliofundishwa kwa njia yake walipanda ngano na mizabibu kwa ajili ya hostia na divai ya Misa. Sisi wa Dodoma tunaoijua mizabibu tunaweza kuielewa katekesi hiyo vizuri tu. Hapa Tanzania wapo masista wanaoandaa walimu wa Montessori hadi leo.

Basi, wiki iliyofuata nilirudi darasani na beseni la maji, mawe, na karanga zenye maganda. Jiwe likazama, karanga ikaelea. Yule aliyelala siku ile akaikandamiza karanga chini, ikaibuka. Akarudia, ikaibuka tena, akacheka mpaka darasa zima likacheka. Tulirudia labda mara ishirini kabla sijasema neno lolote kuhusu Mungu aliyeumba maji. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kuwa ujuzi wetu unaanzia kwenye milango ya fahamu. Swali hilo nililijibu vizuri kwenye mtihani. Kumbe nilikuwa sijaliamini.

Yesu mwenyewe alimpaka kipofu tope machoni. Anatujia kwa maji, mafuta na mkate. Hakutuachia maneno matupu.

Vijana, katika mitaa yetu wapo watoto wanaofichwa ndani wageni wakija. Pengine yupo nyumbani kwenu. VIWAWA mkipanga matendo ya huruma, msiishie kupeleka sabuni na sukari mkapiga picha mkaondoka. Kaeni chini naye. Mpeni udongo, maji, mtama, manyoya ya kuku. Subirini, muone mikono yake inauliza nini.

Ee Bwana, utusamehe tuliowaona watupu watoto uliowajaza wewe. Amina.

Tuombeane.