D.O. Misiani: Nguli wa benga aliyewatia tumbojoto wakubwa kwa gitaa na mafumbo

Mnamo Mei 17, 2006, ajali ya barabarani mjini Kisumu ilikatiza uhai wa mwanamuziki ambaye kwa takriban miaka 40 aliimba kuhusu Kenya na viongozi wake, ilhali yeye mwenyewe hakuzaliwa katika nchi hii.

Daniel Owino Misiani, aliyefahamika zaidi kama D.O. Misiani, alikuwa na umri wa miaka 66. Mashabiki walimbandika jina la Mfalme wa Historia, na wengine wakamwita babu wa benga. Jina la kwanza alilistahili bila ubishi. Hilo la pili linahitaji maelezo kidogo, nasi tutalirejelea.

Misiani alizaliwa Februari 22, 1940 katika kijiji cha Nyamagongo karibu na Shirati, kaskazini mwa mkoa wa Mara, Tanganyika. Shirati si mbali na Kenya. Ni mwendo mfupi tu kutoka mpakani, na enzi za Wajerumani palikuwa na kituo chao cha kijeshi. Mpaka wenyewe ni mstari uliochorwa na Wazungu mezani, na mstari huo ulipopita huko uliwakata Waluo pande mbili: hawa wakawa wa Mwingereza, wale wakawa wa Mjerumani. Lugha haikukatika, ndoa hazikukatika, wala nyimbo hazikukatika. Msomaji asipolielewa jambo hili, maisha ya Misiani hayatamwelea.

Shirati ilikuwa pia ngome ya wamishenari wa Kimenoni, waliofika huko katika miaka ya 1930. Wazazi wa Misiani walikuwa watu wa dini, na katika nyumba za aina hiyo gitaa lilihesabiwa kuwa chombo cha ulevi na uasherati. Inasimuliwa kwamba baba yake alilivunja gitaa la kwanza la kijana huyo. Kisa cha namna hii husimuliwa kuhusu wanamuziki wengi wa kizazi hicho, na huenda kimeongezwa chumvi kadiri kilivyopita vinywani mwa watu. Lisilo na shaka ni kwamba kijana hakuliacha gitaa, na baba hakuupenda uamuzi huo.

Wakati huo muziki wa gitaa ulikuwa umeshika kasi Afrika Mashariki nzima. Wanajeshi wa KAR waliorejea kutoka Burma na kwingineko baada ya Vita vya Pili vya Dunia walikuwa wamezoea vyombo vya kizungu. Kutoka Katanga, santuri za Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa kwa mara ya kwanza na Hugh Tracey mwaka 1952, zilikuwa zikichezwa hadi zinachakaa. Bosco alikuwa bingwa wa kudonoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, na vidole viwili hivyo vilitosha kuleta sauti ya watu watatu. Mwaka 1959 alifika Nairobi na kukaa kwa miezi kadhaa, akipiga muziki wa kutangaza dawa ya Aspro. Vijana wa Nyanza na wa Uluhya waliomsikia walirudi nyumbani kujaribu.

Lakini Mluo hakuhitaji kwenda Katanga kujifunza kudonoa nyuzi. Alikuwa na nyatiti.

Chombo hicho kina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini, akakilaza ubavuni mwake, huku kidole gumba cha mguu kimevishwa pete nzito ya chuma iitwayo oduong'o. Kwa pete hiyo hugonga ubao wa chombo na kujipigia ngoma mwenyewe, na njuga za gara alizofunga mguuni hulia kwa mkumbo huohuo. Mtu mmoja basi ni bendi nzima. Nyuzi za chini hushikilia mwendo, za juu hujibizana na sauti ya mwimbaji. Ukisikiliza santuri yoyote nzuri ya benga kisha ukaisikiliza nyatiti, utatambua kwamba kazi ile imegawanywa tu: gitaa la solo limechukua nyuzi za juu, gitaa la besi limechukua zile za chini, na ngoma imepokea pete ya mguuni.

Hapa hebu tuchepuke kidogo. Katika visiwa vya Hawaii, wachunga ng'ombe kutoka Mexico walifika na magitaa yao miaka ya 1830. Wenyeji waliyapokea, wakazilegeza baadhi ya nyuzi hadi chombo kikakubali nyimbo zao, na mtindo huo wakauita ki ho'alu, maana yake kulegeza ufunguo. Gabby Pahinui, aliyefariki mwaka 1980, ndiye aliyeufikisha kileleni. Nasi huku kwetu wapo wanaoshikilia kwamba neno benga limetokana na neno la Kiluo obengore, lenye maana ya kitu kilicholegea au kilichoachiliwa. Wengine wana hadithi nyingine, na ubishi huo haujaisha. Lakini inafurahisha kwamba watu wa visiwa vya Pasifiki na watu wa Ziwa Victoria, ambao hawakuwahi kuonana, wote walilitazama gitaa la mgeni wakaona limekazwa mno. Tofauti ni kwamba mpiga benga aghalabu hakuzigusa nyuzi. Alivilegeza vidole vyake, akavilazimisha kutembea kwa hatua za nyatiti.

Turejee kwa Misiani. Alivuka mpaka akaingia Kenya akiwa kijana, na mwaka 1965 alikuwa amekwisha kuunda kundi lililoitwa Victoria Boys. Jina hilo lilibadilika zaidi ya mara moja, likawa Victoria Jazz, na hatimaye katika miaka ya 1970 likatulia kuwa Shirati Jazz, kwa heshima ya alikotoka. Waliopitia mikononi mwake au kupiga naye ni wengi. Nelson Ochieng Orwa, almaarufu Ochieng Nelly, na Collela Mazee, ambao baadaye walisifika na Victoria Kings, wamo katika ukoo huohuo wa kimuziki.

Je, yeye ndiye aliyeianzisha benga? La. Kabla yake walikuwapo wapigaji waliorekodi mtindo huo, na John Ogara, ambaye jina lake hutajwa kila asili ya benga inapojadiliwa, hawezi kusahauliwa. Alichofanya Misiani ni kuupa mtindo huo umbo ambalo wengine walilifuata: mwanzo wa utulivu ambapo sauti mbili huimba kwa kupatana, solo ikijibu kila kifungu, kisha waimbaji wananyamaza, besi inaanza kurukaruka, na magitaa yanachukua usukani hadi mwisho wa santuri. Wachezaji walijua hasa ni wapi pa kuinuka vitini.

Biashara iliyafuata mapigo hayo. Santuri ndogo za nyimbo mbili ziliuzwa kwa wingi katika maduka ya River Road jijini Nairobi na kando ya Ziwa. Mfanyabiashara Phares Oluoch Kanindo, ambaye baadaye aliingia Bungeni, alizisafirisha benga za Nyanza hadi kusini mwa bara. Nchini Zimbabwe watu waliuita muziki huo Kanindo kwa kuwa ndilo jina waliloliona kwenye santuri, na lebo yake nyingine, Sungura, ikaupa mtindo mzima wa muziki wa Wazimbabwe jina ulilo nalo mpaka leo. Wapiganaji wa ukombozi waliokuwa katika kambi za Tanzania na Msumbiji ndio waliosaidia kuupeleka kwao. Sijui kama kuna bidhaa nyingine ya Nyanza iliyosafiri mbali kiasi hicho na kuleta faida ndogo kiasi hicho kwa waliyoitengeneza.

Hata hivyo, kilichomtofautisha Misiani na wenzake ni maneno.

Benga kwa kawaida iliimba mapenzi na sifa. Sifa zilikuwa na bei yake. Wakati nyatiti ikitawala, ilikuwepo desturi ya pakruok, ambapo mtu hutoa fedha, akaukatiza muziki na kujisifu au kumsifu rafikiye mbele ya hadhara. Bendi zilirithi tabia hiyo, na ndiyo maana santuri nyingi za benga zimejaa majina ya walimu, wafanyabiashara, wakwe na wapenzi. Misiani naye aliimba sifa, kwani mwanamuziki hali hewa. Lakini mpiga nyatiti wa jadi hakuwa msifu tu. Alikuwa pia mwenye ruhusa ya kusema lile ambalo wengine waliliogopa, mradi alifumbe. Ruhusa hiyo Misiani aliichukua kwa mikono miwili.

Kumbuka zilikuwa nyakati gani. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijitoa KANU na kuunda KPU. Julai 5, 1969, Tom Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi. Oktoba 25 mwaka huohuo, Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali kuu ya Nyanza, ghasia zikazuka, na askari wakaufyatulia risasi umati. Watu waliuawa, watoto wakiwamo. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa kizuizini. Jamii nzima ilikuwa na uchungu usiokuwa na jukwaa: chama hakuna, gazeti hakuna, na Sauti ya Kenya ilikuwa mali ya serikali.

Santuri ikawa ndilo gazeti. Misiani aliimba habari za wanyama, za wafalme wa kale, za visa vya Biblia alivyovijua tangu utotoni kwa wazazi wake. Mgeni angesikia ngano ya kumtuliza mtoto. Mwenyeji wa Kisumu, Siaya au Homa Bay alijua fisi ni nani na kondoo ni nani. Hiyo ndiyo maana ya Mfalme wa Historia: aliyasimulia ya jana kwa namna iliyomfanya msikilizaji aitazame leo. Kejeli iliyopo ni kwamba nyumba iliyolikataa gitaa lake ndiyo iliyompa hazina ya mafumbo.

Wakubwa nao hawakuwa viziwi. Baadhi ya nyimbo zake hazikuruhusiwa redioni, na yeye mwenyewe alikamatwa na kuwekwa korokoroni zaidi ya mara moja, wakati wa utawala wa Mzee Kenyatta na pia wa Rais Daniel arap Moi. Kwake kulikuwa na tishio ambalo mwanamuziki mwingine wa Kenya hakuwa nalo: aliweza kuambiwa afunge virago arudi Tanzania. Kila alipoimba siasa alikuwa akicheza kamari na makazi yake, bendi yake na soko lake. Wapo waliomlaumu kwamba mgeni hapaswi kuingilia mambo ya nyumba asiyozaliwa. Lawama hiyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, haina mashiko. Waliouawa Kisumu walikuwa wa kabila lake na wa lugha yake. Mpaka ungewezaje kumzuia kuomboleza?

Wala hakuwa mtu wa upande mmoja tu kiasi cha kunyamaza mambo yalipobadilika. Baada ya uchaguzi wa 2002, NARC ilipoingia madarakani na Rais Mwai Kibaki, watu wa Ziwa walisherehekea. Mvutano kuhusu mkataba wa maelewano baina ya washirika ulipozuka, Misiani, sasa mzee wa miaka zaidi ya 60, alirudi kwa wanyama wake. Wimbo wake Bim en Bim, yaani nyani ni nyani, ulisikika kila mahali, na mjadala kuhusu nani aliyelengwa ukaendelea hata miongoni mwa wasiojua Kiluo.

Ng'ambo alijulikana kwa sura nyingine kabisa. Mwaka 1987 Shirati Jazz ilizuru Uingereza, na kati ya mwaka huo na 1989 kampuni za London zilitoa albamu kadhaa za bendi hiyo, ikiwamo Benga Blast! Wazungu walizipenda kwa mapigo na wepesi wa magitaa. Mafumbo yaliwapita juu ya vichwa, jambo ambalo pengine lilimpa mzee nafasi ya kupumua.

Ajali ile ya Mei 2006 ilimkuta angali kazini. Misiba ya Waluo haiishi haraka, na huu ulikuwa na nchi mbili za kuomboleza. Katika mitaa ya Kondele, Manyatta na Migosi nyimbo zake hazikutoka. Hata sasa, Jumapili alasiri huko Migosi, hutakosa dirisha moja lililo wazi ambamo solo ya Shirati inajibizana na sauti ya mzee.

Mwaka 2008, Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, ilichapisha kitabu pamoja na nyimbo na filamu kuhusu safari ya benga, na Misiani akapewa nafasi yake. Kazi hiyo ilikuja kwa kuchelewa. Santuri nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zimo mikononi mwa wakusanyaji binafsi, nyingine huko Ulaya, na maduka ya River Road yaliyoziuza yamegeuka kuwa ya bidhaa nyingine.

Mwili wake ulivushwa mpaka ule aliouvuka akiwa kijana na gitaa lisilotakiwa nyumbani. Alizikwa kwao Shirati.