Barghash bin Said

Barghash bin Said (1837 – Machi 1888) alikuwa Sultani wa Zanzibar tangu Oktoba 1870 hadi kifo chake. Anakumbukwa kwa majengo yake na kwa kuingiza taa za umeme Unguja, lakini pia kwa sababu katika utawala wake Zanzibar ilipoteza sehemu kubwa ya bara.

Maisha

Alikuwa mtoto wa Sultani Said bin Sultan. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua Majid, kaka yake kwa baba, akashindwa na kuhamishiwa Bombay, Uhindi. Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash alishika nafasi yake. Mwaka 1873, kwa shinikizo la Uingereza, alitia sahihi mkataba uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Alitembelea Uingereza mwaka 1875.

Taa za umeme

Wakati huo usiku uliangazwa kwa taa za mafuta na utambi. Mwanga wake ulikuwa hafifu, ulifika hatua chache tu na haukuficha nyota. Mwaka 1883, miaka minne baada ya balbu ya Thomas Edison, Barghash alijenga Beit al-Ajaib, jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme. Mbele yake ulisimama mnara wa taa uliowaongoza mabaharia. Nyumba za kawaida ziliendelea kutumia mafuta.

Taa za umeme zina nguvu kuliko za utambi. Zisipofunikwa kwa juu, mwanga wake hupotea angani na kufifisha nyota, kama inavyoonekana leo katika miji mingi.

Kupotea kwa bara

Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alifanya mikataba na watawala wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, yaani eneo la Morogoro na milima ya Uluguru. Barghash alipinga, lakini Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji wake, akalazimika kukubali. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 yalimwachia visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10.

Urithi

Mnara wa taa uliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Beit al-Ajaib ilibaki, ila sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.