Krapf: Aliyeacha chuo akiwa kijana, akarejea na kutuachia kamusi

JINA la Johann Ludwig Krapf hutajwa darasani kila mwalimu wa historia anapofikia Mlima Kenya. Wanafunzi hukariri kwamba mnamo Desemba 3, 1849, akiwa Kitui, mmishonari huyo Mjerumani aliona kilele chenye theluji, kisha ukurasa hufungwa na somo likasonga mbele.

Kisichotajwa sana ni kwamba mtu huyo huyo, alipokuwa na umri wa miaka 19, aliliacha darasa la wamishonari alilokuwa amelitamani kwa miaka, akiamini kwamba hakufaa kuwamo. Aliyekuja kuwa bingwa wa lugha aliwahi kuwa kijana aliyeishiwa na ari chuoni.

Kwa wakazi wa Kitui na Makueni, habari hiyo ina uzito kuliko ile ya theluji. Vijana wengi wa kaunti hizi mbili wako vyuoni: wapo walioko Kwa Vonza, kilipo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, wapo walioko Wote, na wengine wako Nairobi, Mombasa na kwingineko. Karo yao aghalabu imetokana na mbuzi waliouzwa sokoni, harambee ya ukoo au basari. Mwaka wa kwanza huanza kwa shangwe. Kufikia mwaka wa pili, baadhi huanza kukosa mihadhara, na mzazi huwa wa mwisho kupata habari.

Maisha ya Krapf hayatoi dawa ya maradhi hayo. Yanaonyesha, hata hivyo, jinsi mtu mmoja alivyopotewa na hamu ya masomo akaipata tena, na kilichomshikilia katika miaka ambayo hamu pekee isingetosha.

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani ya leo. Baba yake alikuwa mkulima. Hakuna lililoashiria kwamba mtoto huyo angekuwa msomi.

Akiwa mvulana, alipigwa vibaya na jirani aliyemdhania kuwa mtoto mwingine aliyemkosea. Alilala kitandani kwa muda wa miezi sita. Kwa kukosa la kufanya, alianza kusoma Biblia na vitabu vingine vya dini vilivyokuwamo nyumbani. Alipopona, mazoea ya kusoma yalikuwa yameota mizizi, na jamaa zake wakaona heri apelekwe shule mjini.

Hivyo akaanza kwenda Tübingen kila siku kwa miguu, akabeba vitabu vyake, kujifunza Kilatini miongoni mwa watoto waliokuwa wamemtangulia. Kadiri miaka ilivyosonga aliongeza Kigiriki, Kiebrania, Kifaransa na Kiitaliano. Kijana wa shamba alikuwa amepata njia yake: sehemu ndogo kila siku, bila kuruka siku.

Lakini bidii huhitaji mahali pa kuelekea. Mahali hapo Krapf alipaona kwenye ramani. Baba yake alimnunulia kitabu cha ramani za dunia, naye akashangaa kuona kwamba upande wa Afrika Mashariki, hasa pwani ya Wasomali na maeneo ya jirani, ulikuwa na majina machache mno. Alitaka kujua kwa nini. Muuza vitabu mmoja alimwazima kitabu cha safari za James Bruce, Mskoti aliyezuru Ethiopia katika karne ya 18. Kwa muda kijana akatamani kuwa nahodha wa meli ili ajionee mwenyewe, lakini gharama za mafunzo hayo zilizidi uwezo wa wazazi.

Siku moja mkuu wa shule aliwasomea wanafunzi waraka kuhusu kazi ya wamishonari katika nchi za mbali. Krapf akaona kwamba hiyo ndiyo merikebu yake. Alisafiri kwa miguu hadi Basel, Uswisi, kulikokuwa na chuo cha wamishonari, akaambiwa kwamba umri wake ulikuwa mdogo na arejee shuleni kwanza. Mwaka wa 1827 alikubaliwa.

Hapo ndipo hadithi inapopinda. Huko Basel alizama katika maandishi ya wanatasaufi wa Kikristo, wakiwemo Jakob Böhme na Madame Guyon, akaanza kuipekua nafsi yake usiku na mchana. Alijiuliza kama alikuwa ameitwa kweli, au alivutwa tu na hamu ya kuona nchi za mbali. Kadiri alivyozidi kujichunguza ndivyo alivyozidi kupungukiwa na nguvu. Mnamo 1829 aliondoka, akarejea kwao.

Wanafunzi wanaopitia hali kama hiyo hudhani kwamba ni wao peke yao duniani. Wengi hawaachi masomo kwa uvivu. Huacha kwa sababu ya swali lisilojibika wakiwa wamejifungia chumbani: je, mimi ni wa hapa kweli?

Krapf hakulijibu swali hilo kwa kulifikiria zaidi. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Tübingen, karibu na nyumbani, akasomea theolojia na kuhitimu mwaka wa 1834. Alihudumu kama msaidizi wa kasisi vijijini, lakini mahubiri yake kuhusu mwisho wa dunia yaliwaudhi wakubwa wake na kazi hiyo ikakatika. Akawa mwalimu wa nyumbani. Kwa macho ya jirani yeyote, alikuwa kijana mwenye shahada asiyejua aendako.

Aliyemwinua ni Peter Fjellstedt, mmishonari kutoka Uswidi aliyekuwa na uzoefu wa kazi ya ng'ambo. Alizungumza naye, akamtia moyo arejee kwenye njia aliyoiacha. Mnamo 1836 Krapf alirudi Basel. Mara hii hakupewa muda wa kujipekua. Alipangiwa kwenda Ethiopia kwa niaba ya shirika la Kiingereza la Church Missionary Society, na kwa hiyo ikambidi ajifunze Kigeez, lugha ya kale ya kanisa la huko, pamoja na Kiamhari. Masomo yalikuwa na tarehe ya kuondoka. Mapema mwaka wa 1837 akaanza safari.

Kwa hivyo, ari iliyopotea Basel haikumrudia kwa kuingojea. Ilirudi kwa msukumo wa mtu aliyemtangulia katika kazi hiyo, na kwa kukabidhiwa jukumu linaloonekana kwa macho, lenye muda wake na mipaka yake. Hilo ni funzo ambalo washauri wa wanafunzi katika vyuo vyetu wangeweza kulitumia bila gharama yoyote.

Huko Ethiopia hakudumu. Alifukuzwa Tigray mwaka wa 1838, na baada ya miaka kadhaa katika ufalme wa Shoa, njia ikafungwa tena. Januari 1844 aliwasili Zanzibar, akapokewa na Sultani Seyyid Said, kisha akahamia Mombasa pamoja na mkewe Rosina. Alikuwa na miaka 34, na mbele yake kulikuwa na lugha nyingine mpya: Kiswahili.

Alianza mara moja. Aliketi na wanazuoni wa Kiislamu wa mji huo, akauliza, akasikiliza, akaandika. Juni 8, 1844, miezi michache tu baada ya kufika, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Mwezi uliofuata homa iliivamia nyumba yake. Rosina alifariki Julai 13, siku chache tu baada ya kujifungua mtoto wa kike, na kichanga hicho kikamfuata mamake. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa.

Mtu angetarajia kazi ifie hapo. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Hata hivyo, alipoweza kuketi, alirejea kwenye maneno yake. Mwaka wa 1847 sura tatu za kwanza za Mwanzo zilichapishwa Marekani katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki, zikiwa miongoni mwa maandishi ya kwanza ya Kiswahili kuchapishwa kwa herufi za Kirumi.

Mwaka wa 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, nao wakajenga kituo Rabai. Hapo ndipo Ukambani ulipoingia katika maisha yake. Wakamba walikuwa wafanyabiashara mahiri wa pembe za ndovu, misafara yao ikishuka pwani na kurudi, na baadhi walikuwa wameweka makao karibu na Rabai. Krapf aliwafanya walimu wake wa Kikamba.

Novemba 1849 alifunga safari kuwafuata kwao. Alipitia Taita, akavuka Kikumbulyu, eneo ambalo leo liko upande wa Kibwezi katika Kaunti ya Makueni, kisha akaelekea Kitui kwa Kivoi wa Mwendwa, kiongozi na mfanyabiashara ambaye jina lake lilijulikana hadi pwani. Ni Kivoi aliyemweleza kuhusu mlima ambao Wakamba waliuita Kiinyaa, kwa jinsi weupe na weusi wake unavyofanana na manyoya ya mbuni dume. Mgeni aliandika alivyosikia, na ndivyo neno la Kikamba lilivyoanza safari ya kuwa jina la taifa.

Yafaa kulitazama jambo hilo vizuri. Krapf alikuja kama mwalimu wa dini, na kwa upande huo mavuno yake Ukambani yalikuwa haba. Alikuwa na maoni ya Wazungu wa zama zake kuhusu Waafrika, na si yote yanayostahili kusifiwa. Lakini mbele ya lugha alikubali kuwa mwanafunzi. Waliomfundisha walikuwa wachuuzi, wapagazi na wenyeji wa vijiji, watu ambao vyuo vya Ulaya visingewapa cheo chochote. Mwaka wa 1850, akiwa likizoni Ujerumani, alichapisha sarufi ya Kiswahili, orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwemo, na Injili ya Marko kwa Kikamba.

Safari ya pili, mwaka wa 1851, nusura imuue. Alikuwa na Kivoi karibu na mto Tana mwezi Agosti msafara wao uliposhambuliwa. Kivoi aliuawa na wenzake wakatawanyika. Krapf alitangatanga nyikani peke yake, akiwa na njaa na kiu. Alipofika mtoni alijaza maji katika mfuko wa darubini na mitutu ya bunduki kwa kuwa hakuwa na chombo kingine. Baadhi ya jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo hicho, ikambidi atoroke usiku. Alirudi Rabai akiwa amedhoofika, huku kukiwa na uvumi kwamba ameshakufa. Mpango wake wa kujenga kituo Yatta ulikufa.

Mwaka wa 1853 afya ilimlazimisha kuondoka. Aliishi Kornthal, Württemberg, na ingawa alirejea Afrika kwa vipindi vifupi, sehemu kubwa ya miaka iliyobaki aliitumia mezani. Wataalamu wa London walikuwa wameikejeli habari ya theluji karibu na ikweta, ikabidi wengine waje baadaye kuthibitisha. Yeye aliendelea na tafsiri za Maandiko kwa lugha za Ethiopia, na aliendelea na maneno ya Kiswahili yaliyoanza kukusanywa Mombasa mwaka wa 1844.

Krapf alifariki Novemba 26, 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka London mwaka uliofuata, hakuiona. Tahajia yake ya kizamani iliachwa, na kamusi zilizofuata zikaipita kwa usahihi. Lakini watafiti bado huirejelea, kwa kuwa imehifadhi Kimvita cha karne ya 19 pamoja na maana na misemo ambayo vinginevyo ingepotea.

Kati ya mwanzo wa kazi hiyo na mwisho wake ilipita miaka 37. Katika muda huo alizika mke na mtoto, alipoteza rafiki Kitui, alivunjiwa mipango na kuugua mara nyingi. Hakuna ari iwezayo kuwaka kwa miaka 37 bila kufifia. Kilichodumu ni desturi aliyoianza kwa miguu kati ya Derendingen na Tübingen: neno la leo liandikwe leo, na la kesho lingoje kesho.

Mwanafunzi wa Kwa Vonza au Wote aliyekata tamaa hana haja ya kungoja moyo umrudie ndipo afungue daftari. Amtafute mhadhiri au mwanafunzi wa mwaka wa mbele anayeijua njia, ajiwekee kazi ndogo yenye siku ya kumalizika, na akubali kujifunza kwa yeyote anayejua asichokijua yeye. Na mzazi anayesikia kwamba mwanawe ameacha chuo asiharakishe kumhesabu kuwa amepotea. Krapf naye aliacha, na aliporejea miaka saba baadaye, mlango wa Basel ulikuwa bado wazi.