Burkitt: Mpasuaji wa Mulago ambaye kazi yake yawafaa wanaopandikizwa ini

DAKTARI Denis Parsons Burkitt hakuwa mpandikizaji wa maini. Hata hivyo, mtoto anapotayarishwa kupewa ini la mtu mwingine, liwe la marehemu au la mzazi aliye hai, damu ya wote wawili huchunguzwa kutafuta virusi ambavyo viligunduliwa katika uvimbe aliouchunguza daktari huyo nchini Uganda.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Alipokuwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa lilimpofusha jicho la kulia. Alipohitimu udaktari aliomba kazi katika makoloni, akakataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomfungulia mlango: alijiunga na kikosi cha matabibu wa jeshi la Uingereza, akahudumu Kenya na Somalia, na mwaka wa 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda. Baada ya miaka miwili alihamia Mulago, Kampala.

Mwaka wa 1957 Daktari Hugh Trowell alimwita amwone mtoto aliyefura taya pande zote. Burkitt hakuujua ugonjwa huo. Majuma machache baadaye, akiwa ziarani katika hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye taya zilizofura vivyo hivyo, na tumboni pia mlikuwa na uvimbe. Alirudi Mulago akapekua kumbukumbu za wagonjwa, akang'amua kwamba uvimbe wa taya uliandamana mara nyingi na uvimbe wa viungo vya ndani, yakiwemo maini na mafigo. Wengine walikuwa wameyahesabu hayo kuwa maradhi mbalimbali; yeye aliona ni saratani moja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1958.

Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na madaktari Ted Williams na Clifford Nelson, katika gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa majuma 10 walisafiri maili zipatazo 10,000, wakiuliza katika hospitali moja baada ya nyingine iwapo ugonjwa huo ulionekana huko. Ilibainika kwamba ulikuwa mwingi penye joto na mvua, na adimu penye baridi au ukame. Magharibi mwa Kenya pia imo katika ukanda huo. Nchi ya Wateso, iliyogawanywa na mpaka baina ya Tororo na Chakol, kule Malaba na Busia, ina joto, mvua na malaria pande zote mbili. Maradhi hayana kituo cha forodha.

Mapema mwaka huohuo Burkitt alikuwa ametoa mhadhara jijini London, na Anthony Epstein akawa miongoni mwa waliohudhuria. Tangu hapo vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi maabara yake. Kimoja kilichelewa kwa sababu ya ukungu, kikafika maji yake yakiwa na utusitusi. Kumbe seli zilikuwa zinaishi. Mwaka wa 1964 virusi vya Epstein-Barr vilitangazwa.

Watu wazima wengi wanavyo virusi hivyo bila kuugua. Shida humpata anayepandikizwa kiungo, kwa kuwa dawa zinazozuia mwili kulikataa ini jipya hudhoofisha kinga, virusi vikapata nafasi ya kuzalisha saratani ya tezi. Thomas Starzl, aliyejaribu kwanza kumpandikiza binadamu ini mwaka wa 1963 nchini Marekani, alionyesha pamoja na wenzake mwaka wa 1984 kwamba uvimbe huo unaweza kunywea dawa hizo zikipunguzwa.

Hili lazihusu familia nyingi za Afrika Mashariki zinazopeleka wagonjwa India, ambako maini mengi hutolewa na jamaa walio hai. Ini la namna hiyo halikai nje ya mwili kwa muda mrefu, na siku ya upasuaji hupangwa kabla mgonjwa hajazidiwa. Lakini ni kipande tu, na mirija yake ya nyongo huvuja au kuziba mara nyingi zaidi kuliko ile ya ini zima la marehemu. Tena mtu mwenye afya njema hulazimika kupasuliwa. Kuhusu virusi, jamaa hana ubora wowote: mama aliyeambukizwa zamani aweza kumpa mwanawe ini na virusi kwa pamoja. Aliye hatarini zaidi ni mtoto mchanga ambaye hajawahi kuambukizwa.

Huko Mulago, Burkitt aliwatibu watoto wake kwa dawa za saratani za vipimo vidogo, na baadhi yao walipona kabisa. Aliondoka Uganda mwaka wa 1966. Ulaya na Marekani zilimjua zaidi kwa mafundisho yake kuhusu vyakula visivyokobolewa, sifa ambayo imeifunika mno kazi yake ya Kampala. Alifariki Machi 23, 1993 huko Gloucester, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82.