Aniceti Kitereza: Katekista wa Kagunguli Aliyewaandikia Wajukuu Asiowapata



Katika makala hii tunamkumbuka mwamini mlei wa Kanda yetu ya Ziwa ambaye wasomi wa fasihi wanamfahamu, lakini katika jumuiya zetu ndogondogo jina lake halisikiki mara nyingi. Huyo ni Aniceti Kitereza, katekista wa misioni ya Kagunguli, kisiwani Ukerewe. Aliandika kitabu kimoja kikubwa, asijaliwe kukishika mkononi kikiwa kimechapishwa. Alipata watoto, asijaliwe kuwaona wakikua. Mambo hayo mawili, kitabu na watoto, hayatenganishiki katika maisha yake, na ndiyo maana tunayasimulia pamoja.

Mtoto wa ukoo wa watawala

Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, ilikuwa wakati huo nchi yenye utaratibu wake kamili. Juu ya wote alikaa Omukama, wa ukoo wa Abasilanga. Chini yake walikuwepo wakuu waliosimamia vijiji kwa niaba yake, kisha watu wa koo mbalimbali, wakulima, wafugaji na wavuvi. Heshima ya Omukama ilikuwa kubwa, lakini haikuwa bila masharti. Watu walimtazamia alete mvua kwa wakati wake na kwa kiasi chake; ukame ulipozidi, au mvua ilipopita kiasi na kuozesha mazao, aliweza kuondolewa katika kiti chake. Hivyo hata aliyekuwa juu ya wote alidaiwa na watu wake.

Babu yake Kitereza alikuwa Omukama Machunda, aliyetawala katikati ya karne ya 19. Baba yake aliitwa Malindima. Kuwa mtoto wa ukoo wa kifalme hakukuwa raha tupu, kwa kuwa ndugu waliweza kuogopana kwa sababu ya kiti. Mwaka 1895 Wajerumani walikuwa wamemwondoa Omukama Lukonge na kumweka Mukaka. Malindima alifariki mwanawe akiwa bado mdogo sana, na mtoto akalelewa katika ikulu ya Mukaka. Mahali hapo kesi ziliamuliwa, wageni walipokelewa, na wazee walisimulia habari za waliotangulia. Mtoto yatima aliyekuwa na masikio mazuri hakukosa la kujifunza.

Mwaka 1905, akiwa na miaka ipatayo tisa, alipelekwa kwa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mababa Weupe, katika misioni yao ya Kagunguli. Huko alijifunza kusoma na kuandika, akabatizwa na kupewa jina la Aniceti, jina la Papa mtakatifu wa karne ya 2. Mwaka 1909 alivushwa hadi ng'ambo ya magharibi ya ziwa, katika seminari ya Rubya, Bukoba. Alikaa huko miaka kumi. Alisoma Kilatini na Kijerumani, falsafa na teolojia. Vita Kuu ya Kwanza ilipita juu ya vichwa vya vijana hao: walianza masomo chini ya utawala wa Wajerumani, na kuanzia mwaka 1916 Waingereza wakawa ndio wenye nchi.

Nyumba isiyo na mtoto

Kitereza hakuendelea hadi upadre. Mwaka 1919 alirudi Ukerewe, na mwaka huohuo akafunga ndoa na Anna Katura. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi ya ukarani mjini Mwanza kwa mfanyabiashara wa Kiitalia. Baadaye alirudi Kagunguli, akaitumikia misioni kwa ukatekista na kwa kalamu yake.

Watoto wa Aniceti na Anna walikufa wangali wadogo. Hakubaki hata mmoja. Tuliokulia katika kanda hii tunajua maana ya jambo hilo bila kuelezwa. Katika jamii ya Wakerewe, kama katika jamii zetu nyingi, mtoto ndiye aliyemfanya mwanamke ahesabiwe kuwa mke kamili, na mwanamume ahesabiwe kuwa mzee mwenye neno barazani. Mtoto ndiye aliyelibeba jina la babu. Mwanamume aliyekosa mtoto alikuwa na njia iliyofunguliwa wazi mbele yake: kuoa mke wa pili, au kumrudisha wa kwanza kwao. Kwa mtu wa ukoo wa watawala njia hiyo ilikuwa nyepesi zaidi.

Kitereza hakuifuata. Alikaa na Anna mpaka kifo kilipowatenganisha. Hakuna sheria ya serikali iliyomlazimisha, na aliishi kati ya watu ambao wangeona ni jambo la kawaida kama angefanya vingine. Alikuwa ameweka ahadi mbele ya altare, naye akaitunza.

Kitabu kilichozaliwa Kagunguli

Pale Kagunguli alikuwepo padre mmoja kutoka Kanada, Almas Simard, aliyependa lugha na mila za Wakerewe, naye akamtia moyo Kitereza aandike. Kitereza aliona kwa macho yake kwamba vijana waliotoka shuleni walikuwa wakiacha maneno ya wazee mmoja baada ya mwingine, na kwamba wazee wenyewe walikuwa wakifariki pamoja na yale waliyoyajua. Akaamua kuyahifadhi, lakini hakuyaweka katika orodha ya mila na desturi. Aliyaweka ndani ya hadithi, ili msomaji ayaone yakiishi. Mwaka 1945 alimaliza kuiandika kwa Kikerewe.

Hadithi yenyewe ni ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, wanaopendana lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wanamtukana mke na kumshauri mume aoe mwingine. Wazazi wa Bugonoka wanapoona binti yao anadhalilishwa, wanamchukua na kumrudisha nyumbani. Myombekere anabaki peke yake katika nyumba baridi. Badala ya kutafuta mke mwingine, anakwenda kuwaangukia wakwe zake, anakubali adhabu ya kutengeneza pombe ya ndizi na kuwapelekea, na hatimaye anarudishiwa mke wake. Baada ya kuhangaika kwa waganga, wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, kisha wa kike, Bulihwali. Majina hayo yanabeba kumbukumbu ya misiba: la kwanza ni la mtu anayekaa na kifo karibu naye, la pili ni la mtu anayeuliza huzuni hii itakwisha lini.

Ndani ya safari hiyo ya mume na mke mna nchi nzima. Tunaona jinsi mwanamume alivyojenga nyumba, alivyochunga ng'ombe, alivyovua na kutengeneza shamba la migomba. Tunaona jinsi mwanamke alivyolima, alivyosaga ulezi, alivyopika na kumkaribisha mgeni. Salamu zimeandikwa kwa ukamilifu, kwa sababu kwa Wakerewe salamu haikuwa neno la kupita njiani: mdogo na mkubwa, mkwe na mkwe, kila mmoja alikuwa na namna yake ya kusalimu na kuitikia, na aliyekosea alionekana hakufundwa. Tunaona jinsi posa ilivyopelekwa, mahari ilivyozungumzwa, mgonjwa alivyouguzwa na maiti ilivyozikwa.

Tunaona pia shule isiyokuwa na jengo. Mtoto wa kiume alijifunza kwa kufuatana na baba yake malishoni na ziwani. Mtoto wa kike alijifunza kwa kukaa karibu na mama yake jikoni na shambani. Jioni, karibu na moto, methali na hadithi zilikamilisha somo. Mwalimu alikuwa kila mtu mzima wa kijiji, na kila mtu mzima alikuwa na haki ya kumwonya mtoto yeyote. Elimu hiyo ilikuwa na lengo moja: kumfanya mtoto awe mtu anayejua kuishi na watu.

Inafaa tuzingatie kwamba mwandishi alikuwa katekista. Aliandika juu ya waganga, ramli na sadaka kwa wahenga kama mambo yalivyokuwa kabla Injili haijafika. Hakuyadhihaki, wala hakuyahubiri. Asubuhi aliwafundisha wakatekumeni sala. Saa nyingine alikaa na daftari akiandika namna mababu wa wakatekumeni haohao walivyohangaika, walivyopendana na walivyokosana. Katika miaka ile wapo waliodhani kwamba Mkristo mwema ni lazima aone aibu juu ya babu zake. Kitereza hakuona aibu. Miaka 20 baadaye, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Kanisa linayapokea na kuyatakasa yaliyo mema katika desturi za mataifa. Katekista wa Kagunguli alikuwa ameshaanza kuyakusanya.

Kungoja kwa muda mrefu

Kazi ilipokamilika, mchapishaji hakupatikana. Lugha ya kisiwa kimoja ilikuwa na wasomaji wachache mno machoni pa wenye mitambo ya kupiga chapa. Padre Simard alijitahidi kuitafsiri hadithi kwa Kifaransa, lakini alifariki kabla jitihada hizo hazijazaa matunda. Maandiko yakakaa Kagunguli mwaka baada ya mwaka.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Mmarekani, Gerald Hartwig, na mkewe Charlotte walifika Ukerewe kwa utafiti. Walimkuta mzee Kitereza, wakatambua thamani ya alichokuwa nacho, wakamhimiza akigeuze kiwe katika Kiswahili ili Tanzania nzima iweze kukisoma. Wakati huo alikuwa amepita miaka 70. Wengi katika umri huo husema kazi yao imekwisha. Yeye alikaa tena mezani na kuandika kitabu chote upya, sentensi kwa sentensi, katika lugha ambayo haikuwa ya mama yake.

Hatimaye Tanzania Publishing House ilikitoa, kikiwa na tarehe ya mwaka 1980 na kurasa zaidi ya 600, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Baada yake kitabu kimetafsiriwa kwa Kijerumani, kwa Kifaransa na, mwaka 2002, kwa Kiingereza, kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mzaliwa wa Ukerewe.

Tunajifunza nini?

Kwanza, juu ya ndoa. Maandiko Matakatifu yanatukumbusha machozi ya Hana mke wa Elkana, na aibu aliyoibeba Elisabeti kabla ya kumzaa Yohane. Mtaguso wa Pili wa Vatikano umefundisha kwamba ndoa haikuwekwa kwa ajili ya uzazi peke yake, na kwamba inabaki kuwa ndoa kamili hata pale watoto, wanaotamaniwa kwa moyo wote, wanapokosekana. Mwaka uleule wa 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II alirudia fundisho hilo katika waraka wake juu ya familia. Mafundisho hayo tunayajua. Lakini tujiulize kwa unyofu: katika jumuiya zetu, ni mara ngapi mwanamke asiye na mtoto husemwa pembeni baada ya sala? Ni mara ngapi mawifi na mama wakwe Wakatoliki humshauri kijana wao atafute nje? Katika hadithi ya Kitereza, nyumba ya Myombekere haikuvunjwa na ukosefu wa mtoto. Ilivunjwa na ndimi za ndugu. Ndimi hizo bado zipo, na nyingine hupokea Komunyo kila Dominika.

Pili, juu ya matunda ya maisha. Aniceti na Anna hawakuacha mjukuu wa kuwasha mshumaa juu ya kaburi lao. Hata hivyo leo mtoto wa Kikerewe aliyezaliwa Mwanza au Dar es Salaam, asiyewahi kukaa na babu yake, anaweza kufungua kitabu na kujua babu yake alivyosalimu, alivyoposa, alivyolia msibani. Wanandoa waliokosa mtoto wameulea ukoo wa watu wasiowajua.

Tatu, juu ya wazee wetu. Ukerewe leo imo katika Jimbo la Bunda, lililoundwa mwaka 2010, na Kagunguli ni mahali ambapo waamini wanaendelea kusali. Katika parokia zote za ufuo wa ziwa wapo wazee wenye mengi kifuani: nyimbo za kupiga makasia, dawa za miti, namna ya kusuluhisha ndugu waliogombana. Vijana wetu wana simu zinazoweza kurekodi sauti kwa saa nzima. Kitereza alikuwa na kalamu na mwanga hafifu. Kikundi cha vijana cha parokia kinaweza kuanza na mzee mmoja, Dominika moja, baada ya Misa.

Tunapowaombea marehemu wetu katika Misa, tuwakumbuke pia Aniceti Kitereza na Anna Katura. Hawakuacha mtoto wa kuwatolea nia. Basi na tuwatolee sisi.