Doris Miller: Shujaa Aliyerudishwa Jikoni
Doris Miller alizaliwa mwaka wa 1919 huko Waco, Texas. Alipojiunga na jeshi la majini la Marekani mwaka wa 1939, Waamerika Weusi walitengewa kazi ya kuwaandalia maafisa chakula. Tarehe 7 Desemba 1941, Japani iliposhambulia Pearl Harbor, alikuwa katika manowari West Virginia. Alisaidia kumsogeza nahodha aliyejeruhiwa, kisha akazifyatulia ndege za adui kwa bunduki ya rashasha ambayo hakuwa amefunzwa kuitumia. Mwaka wa 1942 alivishwa nishani ya Msalaba wa Jeshi la Majini, Mwamerika Mweusi wa kwanza kuipata. Hata hivyo, cheo alichopandishwa baadaye kilikuwa cha mpishi. Alifariki Novemba 1943, manowari Liscome Bay ilipozamishwa na nyambizi ya Japani. Mwaka wa 2020, manowari ya kubebea ndege ilipewa jina la mpishi huyo.